Komeo la Kapteni Tallgren

IJUMAA, SAA TISA ALASIRI

Raimo Kurkela alichora nyumba sakafuni kwa chaki. Mstari mmoja ziwa. Mstari mmoja barabara. Kisanduku katikati.

Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira na kahawa iliyoungua. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, na kwenye kioo kulikuwa na karatasi: Juhannus njema, tutaonana Jumatatu. Mji mzima wa Lahti ulikuwa na karatasi kama hizo. Watu walikuwa wamekimbilia maziwani kuwasha moto wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, kulewa na, wachache wao kama kila mwaka, kuzama.

"Bunduki moja," Raimo akasema. "Tunaingia, tunaichukua, tunatoka. Fundi, waambie tunachukua nini."

Armas Heikura alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono magotini. Nusu ya maisha yake alikuwa fundi wa silaha katika ghala la jeshi, mpaka ghala likafungwa. Bunduki za zamani alizijua kwa vidole. Angeweza kupapasa kipande gizani akakuambia kilitoka kiwanda gani, na kama kimezaliwa na bunduki ile au kimeletwa baadaye. Kipaji hicho alipewa na Mungu, mama yake alikuwa akisema. Mama alikufa kabla ya kuona mwanawe anakitumia kuunga vyuma vya takataka na kuwauzia wageni kama bunduki halisi za vita.

"Modeli ya thelathini na tisa," Armas akasema. "Ya mdunguzi, yenye darubini. Zilitengenezwa chache wakati wa vita, zikabaki chache zaidi. Kiwiliwili ni chuma cha Mrusi, mtutu ni wetu, mbao ni betula. Chini ya chuma kuna vibati vya shaba. Fundi aliviweka kimoja kimoja mpaka mtutu ukatulia. Wanaoiga huvisahau."

"Bunduki ni bunduki," Shoka akasema. Jina lake la kanisani lilikuwa Pertti, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mkubwa kama mlango wa ghala. "Ukivuta, inalia."

"Kwako wewe. Kwa Wallenius, skrubu moja isiyo yake ni jino bandia."

Shoka akacheka. Wallenius, mnunuzi wao, alikuwa daktari wa meno kutoka Helsinki. Angekuja kwa boti usiku huohuo, na angekagua kila kipande kabla ya kufungua mkoba.

"Na komeo?" Raimo akauliza.

Armas alijua swali hilo linakuja. Komeo ndio moyo wa bunduki ya namna hiyo: fundo la chuma lenye mkono, unalolisukuma kwa kiganja ili risasi ikae mahali pake. La mdunguzi mkono wake umepinda chini ili usigonge darubini. Halipatikani dukani.

"Halitakuwa kwenye bunduki. Kapteni Tallgren ni mtu wa sheria. Bunduki ataitundika ukutani, komeo ataliweka kwingine. Ndivyo kila mtu anavyofanya."

"Wapi?"

"Sijui."

"Basi atatuambia mwenyewe."

Armas akainua kichwa. "Ulisema nyumba itakuwa tupu."

"Nilisema familia itakuwa ufukweni. Mzee miguu yake imekufa. Hawezi kuteremka mpaka kwenye moto." Raimo akafuta vumbi la chaki kwenye suruali. "Tatizo?"

"Hakuna."

Kijana aliyesimama mlangoni akaacha kutafuna njiti ya kiberiti. Huyo ndiye Jouko, mdogo wake Armas, wa mwisho kwa mama, dereva. Raimo akamgeukia taratibu.

"Mwezi wa tatu tuliingia ghala la sigara, tukawakuta njagu wamekaa ndani wanatusubiri. Watu wangu wawili wananyea debe. Kuna mtu aliongea. Nimekuwa nikiwaza ni nani, na kila nikiwaza nakuona wewe, dogo."

"Si mimi, Raimo. Naapa."

"Usiape, unaniletea kizunguzungu. Kaka yako ameniomba nikuache uende Sweden. Feri inaondoka Jumatatu. Sawa. Leo mambo yakinyooka, utapanda, sitaki kukuona tena. Lakini kitu kimoja kikiwa cha uongo, kimoja tu, nitajua uongo uko katika ukoo wenu. Na ukoo wenu ni mfupi."

Jouko alijaribu kutabasamu. Mdomo haukumtii.

Armas akatazama chini, kwenye nyumba ya chaki. Baba yetu, akaanza moyoni, kama alivyoanza kabla ya kila kazi, na kama kila mara, akaona aibu akaishia hapohapo. Alitaka kitu kimoja tu. Jouko avuke bahari akiwa mzima. Baada ya hapo Mungu amfanyie yeye atakavyo.

SAA MOJA JIONI

Jua lilikuwa bado juu kabisa. Katika Juhannus jua huzama kwa saa chache tu, mwizi hana giza la kujifichia, kwa hiyo Raimo aliwavika mashati meupe na kumpa Shoka kreti la bia abebe begani. Walipita kwenye njia ya bustani kama wageni waliochelewa. Mama mmoja aliyekuwa akiteremka na sufuria ya viazi aliwapungia mkono. Raimo naye akapunga.

Ufukweni moto ulikuwa umeshawaka, mrefu kama nyumba. Akodiani ililia. Watu waliimba kwa sauti za watu walioanza kunywa tangu mchana.

Jouko alibaki kwenye gari nyuma ya zizi, injini ikinguruma.

Matawi mabichi ya betula yalikuwa yamesimamishwa pande mbili za mlango, kama desturi ya siku hiyo. Hapakuwa na kufuli. Kapteni Tallgren alikaa sebuleni kwenye kiti cha kuegemea, blanketi miguuni, sahani ya samaki wa chumvi mapajani. Aliwatazama watu watatu wakiingia. Hakushtuka. Alitazama chini, kwenye zulia.

"Viatu," akasema.

Armas alikuwa ameshainama na kulegeza kamba moja kabla hajajua anafanya nini. Akainuka, uso ukiwaka. Raimo akaguna kwa kicheko. Lakini Shoka, ambaye mama yake alimlea vizuri kwa jambo hilo moja, alikuwa ameshavua buti zake na kuzipanga ukutani, ncha zikielekea mlangoni. Alisimama na soksi za sufi za kijivu, zimetoboka kwenye kidole gumba.

"Asante," Kapteni akamwambia.

"Fundi," Raimo akasema. "Kazi."

Bunduki ilikuwa juu ya meko. Armas akaishusha. Komeo halikuwamo, kama alivyosema. Akaipeleka dirishani, kwenye mwanga. Herufi za jeshi ndani ya kisanduku chao, zimepigwa sawasawa, ncha zake zimelainika kwa miaka wala si kwa msasa. Namba ya mtutu. Namba ileile kwenye kishikio cha darubini. Akatoa bisibisi, akalegeza skrubu mbili, akainua chuma kutoka kwenye mbao. Chini ya mkia wake kulikuwa na mhuri wa Mrusi, wa mwaka ambao babu yake alikuwa bado hajaoa. Na pale, kwenye kitanda cha mbao, vibati viwili vya shaba, vyembamba kama ukucha, vimeshika umbo la chuma kwa kukaa pamoja muda mrefu. Hakuna mkono uliovigusa tangu vita.

Kwa kitambo kidogo Armas alisahau yuko wapi. Alifurahi. Kisha akakumbuka, na furaha ikamchachia kinywani.

"Yote yake," akasema. "Imebaki komeo."

Raimo akavuta kigoda, akakaa mbele ya Kapteni, magoti kwa magoti, kama mjukuu.

"Mzee, komeo liko wapi?"

"Limepotea."

"Lini?"

"Wewe ulipoingia."

Raimo akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaongeza sauti ya redio iliyokuwa mezani. Muziki wa tango ukajaa chumba. Shoka akaja kwa soksi zake, bila kishindo, akaondoa sahani mapajani mwa mzee, akaiweka pembeni kwa uangalifu samaki asianguke. Akachukua mkono wa kushoto. Akachagua kidole kidogo.

Armas aligeuka akatazama nje. Ufukweni wasichana walikuwa wakirusha maua majini. Alisikia mlio mdogo, mkavu, na baada yake pumzi ya mzee ikivutwa ndani, ndefu, haina mwisho. Kapteni hakupiga kelele.

"Liko wapi?"

"Nenda motoni ukaulize."

Mlio wa pili. Safari hii mzee alilia, mara moja, na akodiani ikakimeza kilio chake. Armas akaona mkono wake mwenyewe umeshika pazia, umelikunja.

"Kwenye saa," Kapteni akasema. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola. "Saa kubwa. Chini ya timazi."

Armas ndiye aliyefungua mlango wa saa ile ya ukutani. Akakuta kitambaa chenye mafuta. Akakikunjua.

Namba ilikuwa ileile. Mkono umepinda chini inavyopaswa. Raimo aliiona namba, akapiga paja kwa furaha.

Lakini vidole vya Armas vilikuwa vimeshafika mbali kuliko macho ya Raimo. Kwenye shina la mkono kulikuwa na mstari mwembamba: mkono ulikuwa umenyooka zamani, ukakatwa, ukachomelewa upya. Chini ya namba chuma kilibonyea kidogo, kama kaburi la zamani, mahali namba nyingine iliposagwa. Na kichwa cha komeo kilikuwa kimepigwa tupa ili lipate kuingia kwenye bunduki isiyo yake. Liliingia, ndiyo. Lakini lingeacha nafasi nyuma ya risasi. Chuma cha namna hiyo hukaa ukutani kikatazamwa. Mwenye akili hapigi risasi nacho.

Komeo la kweli lilikuwa kwingine ndani ya nyumba hii. Mzee ametoa vidole viwili ili hili la bandia liaminike.

Armas akainua macho. Kapteni alikuwa akimtazama. Hakuomba. Alingoja tu, kama mtu anayemngoja daktari aseme. Shoka alikuwa ameshashika kidole cha tatu, anakichezeachezea.

"Ndilo?" Raimo akauliza.

Akisema hapana, watamaliza mkono huu, kisha wataenda mkono wa pili. Na mzee huyu hatasema. Atakufa kwenye kiti hiki huku tango ikilia. Akisema ndiyo, kuna Wallenius.

"Fundi. Nimekuuliza."

"Ndilo."

"Una hakika?"

"Umeiona namba mwenyewe. Ndilo lenyewe. Twende."

Kapteni akafumba macho. Midomo yake ilisogea kidogo. Armas hakujua kama ni sala au tusi.

Raimo akasimama, akajinyoosha. Akamwangalia Shoka, akampa ishara ya kidevu. Mlio wa tatu.

"Hicho cha nini?" Armas akapiga ukelele. "Ameshatoa!"

"Hicho ni cha ile ya 'nenda motoni'," Raimo akasema. "Sipendi kujibiwa."

Wakamfunga mzee mdomo kwa kitambaa cha meza. Mlangoni, Shoka alikaa kwenye ngazi akavaa buti zake, akafunga kamba mafundo mawili mawili, bila haraka, huku Raimo akimtukana.

SAA TATU USIKU

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vichwa vya misonobari na likakataa kushuka zaidi. Gari lilikuwa limesimama mwisho wa njia ya magogo, kwenye gati bovu la ziwa jingine. Mbu walikuwa wengi kama moshi. Boti ya Wallenius ilitarajiwa saa nne.

Redio ya gari ilikuwa imeshasema. Nyumba imevamiwa, mzee amejeruhiwa, polisi wamefunga barabara kuu.

"Hatutoki hapa na mzigo," Raimo akasema. "Unaondoka kwa maji, sisi tunaondoka mikono mitupu. Safi."

Shoka aliwasha moto mdogo kati ya mawe, akachoma soseji. Alimpa kila mtu yake juu ya kijiti, pamoja na haradali. Mikono ileile. Armas alishindwa kumeza.

Jouko aliposimama kwenda kukojoa, Armas akamfuata hadi nyuma ya miti.

"Nisikilize, usigeuke. Komeo si lake."

Mkojo wa Jouko ukakatika. "Nini?"

"Ni la kubandika. Namba imepigwa juu ya namba nyingine. Wallenius ataliona akiwasha tochi tu."

"Ulisema ndilo! Nasikia ulisema ndilo mara mbili!"

"Punguza sauti. Wangemuua yule mzee."

"Mzee!" Jouko akamgeukia, zipu wazi. "Ana miaka themanini, Armas! Themanini! Mimi nina ishirini na saba!"

Armas akamshika bega.

"Hiyo njia ya magogo ina kichochoro kushoto, kinatokea shamba la maziwa. Kimbia. Usipite barabarani. Nitawaambia tumbo limekuharibikia. Mpaka waanze kukutafuta utakuwa mbali. Jumatatu panda feri, usiniage."

"Na wewe?"

"Nitasema nimekosea. Raimo ananihitaji. Wiki ijayo atataka bunduki nyingine, nani atamkagulia? Shoka?"

Jouko alimkumbusha Armas yule mtoto aliyemkuta jikoni asubuhi mama alipokataa kuamka.

"Ni mimi," Jouko akasema. "Mwezi wa tatu. Ni mimi niliyeongea. Walinifungia chumbani, Armas, hawakunipa hata maji, na yule polisi wa kike alikuwa akinisemesha vizuri vizuri..."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Ulikuja kwangu siku ile ukaosha vyombo. Hujawahi kuosha vyombo. Nenda."

Jouko akafunga zipu. Akampa kaka yake mkono, rasmi, kama wanavyopeana mikono wanaume wa kule, akaondoka kati ya miti.

Armas alirudi motoni. Akakaa. Baba yetu uliye mbinguni, akasema moyoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuishia hapo. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako uje.

Akasikia hatua.

Hazikutoka upande wa shamba la maziwa. Zilitoka mahali palepale Jouko alipoingia. Kijana alitokea kwenye mwanga, akapita mbele ya kaka yake bila kumtazama, akaenda kusimama mbele ya Raimo.

"Komeo ni bandia," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Anajua. Alijua tangu kule kwa mzee. Ameniambia sasa hivi."

Shoka akaacha kutafuna.

"Na mwezi wa tatu," Jouko akasema, "ni yeye. Yeye ndiye aliyekuuza. Amekiri kwangu, pale kwenye miti. Mimi nimekuja kukwambia, Raimo. Nimekuja mwenyewe. Ningeweza kukimbia, sikukimbia."

Mahali fulani ng'ambo ya ziwa watu wengine waliimba kwenye moto mwingine.

Raimo hakupandisha sauti. "Fundi. Komeo ni bandia?"

"Ndiyo."

"Na ghala la sigara?"

Armas akamtazama mdogo wake. Jouko alikuwa akitazama viatu vyake. Masikio yalikuwa mekundu, kama utotoni alipoiba sukari. Neno moja tu. Hapana. Akilitamka, Raimo hatajua amwamini nani, na Raimo asipojua, huua wote wawili.

"Ni mimi," Armas akasema.

Jouko akainua kichwa haraka, kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha akakiinamisha tena.

"Haya," Raimo akasema. "Basi dogo ni msafi. Nimefurahi, kwa kweli. Nilikuwa nakuonea." Akaichukua bunduki kutoka kwenye blanketi, akachomeka komeo, akatoa risasi moja mfukoni. Ilikuwa ya boksi alilolichukua kwa Kapteni, ndefu, ya shaba. Akamkabidhi Jouko vyote viwili. "Bila komeo lake hii ni kuni, siyo? Wallenius hataki kuni. Basi itufae kwa jambo moja. Mtu msafi hashindwi na kazi ndogo."

"Raimo..."

"Feri, dogo. Fikiria feri."

Shoka, bastola kiunoni, alimsukuma Armas mpaka kwenye matete, akampigisha magoti. Maji baridi yakaingia kwenye suruali. Armas hakupinga. Lakini alipoona mkono wa Jouko unasukuma komeo mbele, ukashusha ule mkono uliochomelewa, akaruka kusimama. Shoka akamkandamiza.

"Mpe bastola!" Armas akapiga kelele. "Shoka, mpe bastola yako! Raimo, mpe bastola!"

"Una haraka?"

"Kichwa kimepigwa tupa. Kuna nafasi nyuma ya risasi. Moto hautatoka mbele wote, utamrudia. Utamrudia usoni! Raimo, nakuomba kwa jina la Mungu, mpe bastola, aniue kwa bastola."

Raimo akacheka, akamgeukia Jouko. "Unamsikia? Fundi mpaka mwisho."

"Ni kweli?" Jouko akauliza. "Italipuka?"

"Alisema ni lenyewe, sasa anasema linalipuka. Kesho atasema linaimba. Amekudanganya mara ngapi leo?"

"Jouko," Armas akasema. Alijaribu kuongea polepole, kama zamani alipokuwa akimfundisha kulenga makopo nyuma ya nyumba. "Sikiliza. Sikatai. Piga. Lakini usiiweke shavuni. Iweke kiunoni, geuza uso pembeni. Niko karibu, hutakosa."

"Akipigia kiunoni atakosa," Raimo akasema kwa upole. "Naye anajua. Halafu wewe dogo utakuwa umemkosa mtu aliyeniuza, mbele ya macho yangu. Nitafikiria nini?"

Jouko alikuwa akilia. Kamasi zilimshuka hadi mdomoni. Akaipandisha bunduki begani. Mtutu ukayumba, ukapata kifua cha kaka yake, ukayumba tena.

"Mbali na uso!" Armas akapiga kelele. "Jouko! Mbali na uso!"

Jouko akalaza shavu kwenye mbao, sawasawa, kama alivyofundishwa, akafumba jicho la kushoto.

Milio ilikuwa miwili ndani ya mmoja. Armas alihisi ngumi chini ya mbavu, akakalia maji. Hakutazama tumbo lake. Alitazama mbele. Bunduki ilikuwa chini, na moshi ulikuwa ukitoka mahali moshi usipopaswa kutoka. Jouko alikuwa amesimama bado. Mikono ilikuwa usoni, na kati ya vidole vilitoka vitu ambavyo kaka mtu hapaswi kuviona. Kisha akaketi, taratibu, kama mzee.

Hakupiga kelele. Alianza kuguna, kwa sauti ya chini, bila kupumzika.

Ziwani injini ya boti ilikuwa imekaribia. Ikanyamaza. Kisha ikawaka tena, ikageuka, ikaanza kwenda mbali kwa kasi.

Raimo akaiinua bunduki. Chuma cha Mrusi kilikuwa kimepasuka ubavuni, mbao za betula zimefunguka kama mdomo. Vibati vya shaba vilining'inia. Akavitazama kidogo, bila kuelewa anachokitazama, akaitupa yote kwenye matete.

"Twende."

"Na hawa?" Shoka akauliza.

"Hawa ni ndugu. Waache wazungumze."

Milango miwili ya gari ikafungwa. Taa hazikuwashwa, hapakuwa na haja. Gari likapanda njia ya magogo, likapotea.

Armas alijivuta kwa viwiko. Miguu haikumsaidia. Matete yalimkata mikono, na nyuma yake maji yalibadilika rangi. Alimfikia mdogo wake, akakiweka kichwa chake mapajani, akavua shati jeupe la sherehe, akalifunga pale palipokuwa na macho. Alilifunga vizuri, fundo nyuma ya sikio lisimuumize.

"Nani?" Jouko akashtuka. "Nani huyo?"

"Mimi."

"Armas?" Mikono ya kijana ilitafuta hewani, ikapata kifua cha kaka yake, ikakipapasa. "Nimekupiga?"

"Umenikosa."

"Sioni kitu. Ni usiku?"

"Ni usiku."

Jua lilikuwa kwenye maji, jekundu, likiwapiga wote wawili usoni. Mbu walikuwa wamefika. Armas aliwapunga kwa mkono usio na nguvu, kutoka usoni mwa Jouko, si kutoka kwake mwenyewe.

Jouko akashika mkono wa kaka yake, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Raimo," akanong'ona. "Ameniamini?"

Armas alihisi baridi ikimpanda kutoka miguuni. Alitafuta pale alipoishia kwenye sala yake, hakupaona. Akainama, akaweka mdomo karibu na sikio la mdogo wake.

"Amekuamini," akasema.